Mtu Niliyemwacha Barabarani

Mimi sikuumbiwa kiti. Mama alizoea kusema kwamba nilianza kukimbia kabla sijajua kukaa, na hata nilipokuwa mwalimu sikuwahi kumaliza kipindi nikiwa mahali pamoja. Nilikwenda dirishani, nikarudi ubaoni, nikapita katikati ya madawati, chaki ikaishia mkononi kwa kusuguliwa tu. Watoto walinifuata kwa macho hadi shingo zikawauma. Sina cha kujitetea. Ndivyo nilivyo, na hasira nazo hazikai mbali.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni mwanzoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nafasi ya chuo cha ualimu sijaipata, nikachukuliwa kuwa mwalimu asiye na cheti katika shule moja ya msingi nje ya Magunga, upande wa mbuga ya Ruma, ambako nyani waliyaonja mahindi ya shule kabla yetu. Nilitoka Migori mjini. Mama ni Mkuria, baba Mjaluo, na nyumbani tuliongea Kiswahili cha sokoni ili pasiwe na mshindi. Kwa hiyo Kidholuo changu kilikuwa na matundu, na mila za watu wa kando ya ziwa nilizijua kwa kusikia tu, jinsi mtu anavyojua ndoa ya jirani.

Nilipewa historia ya darasa la saba. Kitabu kimoja kilisomwa na dawati zima, na watoto walikijua kwa moyo kama wimbo wa kanisani, bila kuhitaji kukielewa. Habari ya wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia, wale tunaowaita Kariakoo, ilipewa mistari miwili. Walichukuliwa kutoka huku kwetu kubebea jeshi la Waingereza mizigo hadi Tanganyika, na wengi wao walikufa. Aya iliyofuata ilikuwa ya reli.

"Waliokufa ni kina nani?" nilimwuliza mvulana mmoja aliyekaa mbele, mtoto mwerevu, mkono wake ulikuwa hewani kila wakati.

"Ni wapagazi, mwalimu."

"Ndiyo, lakini ni kina nani?"

Akafikiri, akachungulia kitabu, uso ukang'aa. "Ni wengi, mwalimu."

Haki ya Mungu nilitaka kulia. Alipata jibu sahihi, angepata alama yake, na hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa kimeingia kichwani mwake. Nikaitupa chaki sakafuni. Wengi! Wengi ni nini, nikawauliza, siafu? Nikatoka nje kupunga hewa, kwa sababu niliona nikikaa mle ndani nitamchapa mtu asiye na kosa.

Nyanya yangu wa Migori, mama yake baba, alikuwa na kaka aliyekwenda vita vile na kurudi. Alirudi na miguu isiyovaa kiatu tena maishani, na alimsimulia dada yake mambo ambayo nyanya alinisimulia mimi tukipepeta mtama. Kwamba walifungwa kamba kiunoni mbele ya kambi ya chifu ili wasitoroke. Kwamba walipewa unga wa mahindi, watu waliozoea mtama na wimbi, na kuni zilikuwa mbichi, uji haukuiva, matumbo yakafunguka. Kwamba aliyeanguka na mzigo alivuliwa mzigo, ukapewa mwingine, na msafara ukaendelea. Nyanya hakusema "wengi." Alisema, "Mmoja alikuwa na wimbo, akiuanzisha wote wanaitikia, siku moja wakaona hakuna anayeanzisha."

Basi Ijumaa ile mchana, kipindi cha mwisho, wakati watoto husinzia, niliwaambia wafunge vitabu. Nikasema: "Hii ni hadithi. Naibuni mwenyewe. Msije mkaiandika kwenye mtihani." Nilisema hivyo waziwazi, tena kwa lugha zote tatu nilizokuwa nazo, na mtu asije akaniambia leo kwamba sikusema.

Nikawabunia mtu. Anatoka kando ya ziwa, mrefu, ameng'olewa meno sita ya chini kama wanaume wote wa zamani zile, ana mke kijana na mtoto mmoja mdogo anayejifunza kutembea. Anachukuliwa asubuhi akiwa anakwenda kuangalia mitego yake ya samaki. Sikumpa jina. Ningempa jina, watoto wangeanza kubishana huyo ni wa ukoo gani, na ningepoteza kipindi. Kwa hiyo alikuwa "yule mtu" tu.

Ijumaa baada ya Ijumaa yule mtu alitembea. Nilimpeleka Kisii, nikamvusha mpaka, nikamtia mvuani. Watoto walipodai kwamba mzigo si kitu, niliwatoa nje, nikajaza magunia mchanga, wakayabeba kichwani kuzunguka uwanja wa mpira. Wavulana walianza kulalamika kabla ya goli la pili. Wasichana, ambao kila siku walibeba maji kutoka mtoni wakipiga soga, walicheka hadi mbavu zikawauma. "Kumbe vita ni kuchota maji!" mmoja akapaza sauti. Nikamwambia ndiyo, lakini ni kuchota maji usiyoyapeleka kwenu. Akaacha kucheka. Akatembea mzunguko wote uliobaki kimya, gunia kichwani, na alipolishusha aliniuliza yule mtu alikuwa akilala wapi.

Mwalimu mkuu hakupenda. Aliniita ofisini akaniuliza kama uwanja wa mpira umo kwenye silabasi. Nikamjibu vibaya, sikumbuki nini. Yeye alikuwa mtu mpole mwenye darasa la nane la kupitisha, na mimi nilikuwa mtu wa miaka ishirini aliyejua kila kitu.

Halafu Ijumaa moja nikamwua yule mtu. Hadithi lazima iishe. Uji haukuiva, tumbo likafunguka, akakaa kando ya njia apumzike kidogo, wenzake wakapita. Mzigo wake ukachukuliwa. Yeye akabaki. Nilisimulia vizuri, najua, kwa sababu hata nyayo zangu nilisahau kuzisogeza.

Yule msichana wa maji akanyoosha mkono.

"Mwalimu, walimzika wapi?"

"Hawakumzika."

"Na nyumbani? Walizika yago?"

Yago nililijua. Ni tunda la mwegea, refu na zito kama mchi, linaning'inia kwa kamba yake, na ng'ombe mwenye akili hasimami chini yake. Sikuelewa linaingiaje hapa. Nikamwambia mambo ya yago sijui, kengele imelia, nendeni nyumbani. Hawakwenda. Walibaki kwenye madawati wakinitazama, darasa zima, kama watu waliopewa chakula wakanyang'anywa sahani. Nikafungasha vitu vyangu nikawaacha mle, nimeudhika, sijui nimeudhika kwa nini.

Jumatatu, katikati ya kipindi, mtu alisimama mlangoni bila kubisha hodi. Mzee, mabuti ya mpira, koti la zamani, fimbo ya kuchungia. Tumbo lilikuwa limevimba na miguu imebaki vijiti, na kila pumzi aliitafuta kama mtu anayetafuta shilingi mfukoni. Yule msichana wa maji akainamisha kichwa. Mzee alikuwa babu yake.

"Ni nani hapa," mzee akauliza, "mwalimu anayejua mahali baba yangu alipofia?"

Niliangalia nyuma yangu, wallahi, kana kwamba kuna mwalimu mwingine.

"Mzee, shikamoo. Ile ilikuwa—"

"Nyamaza!" Fimbo ikapiga kizingiti. "Habari ya kifo haipokelewi mlangoni, mtu amesimama, watoto wanachungulia. Wewe umezaliwa wapi? Utakuja nyumbani Jumamosi. Nitawaita watu wangu, tutakaa chini, utasema. Nimengoja tangu sijaota meno, siwezi kushindwa kungoja Jumamosi." Akageuka. Kisha akarudi kidogo. "Na usije kwa kuchelewa. Mimi sina siku za kuchezea."

Mwalimu mkuu alisikia kelele, akanipeleka chini ya paa la stoo. Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake alinieleza polepole, kama anavyoelezwa mgeni asiyejua aingilie lango gani.

Huku, akasema, mtu akifa asipopatikana, aliyemezwa na ziwa au aliyepotelea vitani, jamaa hulichukua yago, hulifunga nguo, hulichimbia kaburi, hulililia, hulizika kama mwili wake. Ndipo mtu yule analala. Lakini haliwezi kuzikwa kwa kudhania. Lazima habari ije, mtu aseme, fulani amekufa, hivi na hivi. Baba wa mzee huyu alichukuliwa Kariakoo mwanawe akiwa mtoto wa kutambaa. Habari haikuja. Mkewe hakukubali kuitwa mjane wala kurithiwa na ndugu wa mumewe. Alisema mume wangu yuko safarini, akamngoja mpaka uzee ukamchukua. Mzee ni mtoto wake wa pekee.

"Na sasa anakufa," mwalimu mkuu akasema. "Umeona tumbo lile. Hospitali ya Homa Bay wamemrudisha nyumbani. Anachokataa ni kuzikwa kabla ya baba yake. Mtoto hatangulii baba. Ameomba yago lizikwe, na ndugu yake, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye ndiye kichwa cha ukoo na ni kiongozi kanisani, anamwambia hakuna habari iliyoletwa. Sasa mjukuu amekwenda nyumbani Ijumaa, ametandika hadithi yako jikoni neno kwa neno, na mzee amesema, habari imefika." Akanitazama. "Lisemwalo lipo, mwalimu. Ulisema nini hasa?"

"Nilisema ni hadithi!"

"Ulisema darasani. Jikoni hukuwepo."

Wiki ile sikulala sawasawa. Nilipika nikasahau kula. Nilisahihisha daftari moja mara mbili na jingine nikalipita. Kila nilipofumba macho nilimwona mzee akitafuta pumzi, na nikajiuliza ni lipi baya zaidi: kumwambia nilimbuni yule mtu, au kunyamaza akazika uongo wangu. Kwa sababu kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Nani angejua? Ningesema tu ndiyo, nilisikia, alikuwa mrefu, hana meno sita ya chini. Wanaume wote wa siku zile walikuwa warefu wasio na meno sita ya chini.

Jumatano niliomba ruhusa nikaenda Homa Bay. Nilijiambia nikipata jina lake mahali, karatasi yoyote, muhuri wowote, nimepona. Nikazunguka mji ule juani kutoka ofisi hadi ofisi, nikisukumwa na wabeba samaki, mpaka karani mmoja akanihurumia akanipa kiti. Sikukaa. Nikamweleza nimesimama.

"Dada," akasema, "unataka mtu wa vita vya kwanza?"

"Ndiyo."

"Hata wa vya pili wanakufa tukiwatafuta." Akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Wale wa kwanza waliandikwa na wazungu, wakakosewa majina, na waliokufa porini nani angewaandika? Nenda tu nyumbani." Nilipofika mlangoni akaniita. "Ni babu yako?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini?"

Sikuwa nikijua kwamba ninalia. Nikamjibu ni vumbi, nikashuka ngazi nikijitukana.

Jumamosi nilikwenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Boma lilikuwa zuri, ua wa minyaa, nyumba ya bati mbele na ya nyasi nyuma, na wanaume wa ukoo wamekaa kivulini kwenye viti vya kila aina, hata vya kanisani. Wanawake walikaa chini upande wa jikoni, na msichana wangu wa maji alikuwa kati yao, hakunitazama. Mzee alikuwa amelazwa kwenye kiti cha kuegemea, amevaa shati safi. Ndugu yake, yule wa kanisani, mtu mnene wa sauti ya upole, alianza kwa sala. Kisha akanigeukia.

"Nyar Migori," akasema, yaani binti wa Migori, ndivyo wanavyomwita mwanamke kwa heshima huku, kwa kwao. "Tumeambiwa unayo habari ya baba yetu. Uliipata wapi?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakakimbia. Nikasimama, kwa sababu nikikaa siwezi kusema, na nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Sina habari. Nilimbuni. Yule mtu hayupo, nilimtengeneza kichwani ili watoto waelewe historia. Niliwaambia ni hadithi. Nimekwenda hadi Homa Bay kutafuta jina la baba yenu na sikulipata. Nisameheni, mzee, lakini sitakudanganya."

Wanawake wakanong'ona. Mtu mmoja akasema "Yawa!" kwa uchungu, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Yule wa kanisani akafumba macho, akafumbua. "Asante kwa ukweli," akasema. "Basi, ndugu yangu, umesikia. Hakuna habari."

Mzee alikuwa akinitazama mimi.

"Ule unga," akasema. "Ulisema wa nini?"

"Wa mahindi, mzee."

"Haukuiva."

"Haukuiva. Kuni zilikuwa mbichi."

"Hilo nalo umebuni?"

"Hapana. Hilo lilitokea."

"Na kamba kiunoni?"

"Ilitokea. Kaka wa nyanya yangu alifungwa. Alimwonyesha nyanya alama."

"Kwa hiyo yeye alirudi." Alipumua, akangoja pumzi ikae. "Na wenzake walioanguka aliwaona kwa macho?"

"Aliwaona. Alimwambia nyanya, nyanya akaniambia mimi."

"Walikuwa na majina?"

"Walikuwa nayo. Hakuyajua. Walichanganywa kutoka kila mahali."

Mzee akamgeukia ndugu yake. "Unasikia? Kuna mtu alikwenda akarudi, akaona."

"Aliona watu, hakumwona baba," yule akasema, bado kwa upole. "Huwezi kujua, ndugu yangu. Mtu hazikwi kwa kubahatisha. Ndivyo tulivyokuta."

Sijasahau mzee alivyoinuka. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyethubutu. Alishika fimbo, tumbo mbele, akasimama juu ya miguu ile ya vijiti.

"Kwa kubahatisha!" akasema. "Mama yangu alikuwa akipakua sahani ya baba kila jioni. Nilipokuwa mdogo nililala nikiitazama ile sahani. Alikuwa akibahatisha! Alizeeka akibahatisha, akafa akibahatisha, na ukoo huu mzima ukamwacha, hakuna aliyemwambia, mama, mtu hangojwi kwa kubahatisha. Kungoja mlikubali bila habari. Kuzika ndiko mnataka habari?" Akatweta. "Mimi siulizi alilala mti gani. Nilitaka kujua nini kilimzuia kurudi. Maana nilikuwa nikifikiri alitupenda kidogo. Sasa najua. Ni tumbo. Ni uji mbichi. Mtoto huyu aliyeniletea ana miaka kumi na mitatu, na tangu nizaliwe hakuna mwingine aliyeniletea hata hilo."

Akakaa. Nilisikia mwanamke mmoja upande wa jikoni akianza kulia, polepole, halafu mwingine, na nikafahamu hata kwa Kidholuo changu cha matundu kwamba hawakuwa wakimlilia mzee aliye kitini. Walikuwa wamekwisha kuanza msiba.

Yule wa kanisani alifuta uso kwa kiganja. "Nani anajua mwegea ulio karibu?" akauliza.

Walizika siku chache baadaye, mchana, kwenye boma la zamani ambako nyumba ya yule mama ilikuwa imeanguka na kubaki mzingo wa udongo. Yago lilivikwa shuka nyeupe. Darasa la saba lote lilikuja na sare; mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyewaongoza, na silabasi hakuitaja. Kwa desturi mtu mmoja husimama aeleze marehemu alivyokufa, na mzee alinielekezea fimbo. Nilikataa kwa kichwa. Akanyoosha tena. Basi nikasema niliyokuwa nayo tu: kamba, mzigo, mvua, uji. Yule mtu wangu sikumgusa. Nilipofika mahali nisipojua nilisema sijui, nikarudi nyuma.

Kisha mzee akasogea ukingoni akamwita baba yake kwa jina. Jina hilo silitaji hapa, ni lao. Aliliita kwa sauti ya mtoto anayeita mtu aliye ng'ambo ya shamba, na akamwambia njoo ulale, chakula kimepoa. Hapo nilikwenda nikasimama nyuma ya kichaka cha minyaa nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Mzee aliishi mpaka mtama ukavunwa. Alizikwa hatua chache kutoka pale, kwa zamu yake.

Lakini nataka kusema juu ya Jumatatu ile iliyofuata mazishi ya yago, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu kweli, na vyeti vilikuja baadaye. Niliingia darasani nikiwa nimeamua hadithi zimekwisha. Nimechoka, nimeogopa, mtihani unakuja. Nikafungua kitabu kwenye sura ya reli. Yule msichana wa maji akanyoosha mkono.

"Mwalimu, baba wa babu amelala."

"Najua. Pole, mama."

"Lakini yule wako bado yuko barabarani."

Nikamtazama. Hakuwa akinitania.

"Yule si mtu wa kweli," nikasema. "Nilikwambia. Nilisema mbele ya babu yako."

"Tunajua ulimbuni," akasema, kwa uvumilivu wa mtu anayemweleza mdogo wake. "Lakini alikaa pale kando ya njia, na wenzake wakapita. Sasa yeye ni wa kina nani?"

Kelele zikaanza. Tumpe jina, wakasema. Tumzike na yeye, mwegea uko pale nyuma ya choo. Nikapiga meza. Nikawaambia hapana, na nilipokuwa nikisema nilikuwa nikitembea, dirishani, ubaoni, dirishani. Nikimpa jina, nikawaambia, atakuwa wa nyumba moja, na nyumba nyingine zitasema huyu si wetu. Mwacheni hivyo. Huenda kuna mtu anamtafuta.

Kisha yule mvulana wa mbele, yule wa mkono hewani, akasimama, na safari hii hakutazama kitabu.

"Mwalimu," akasema, "nilimwuliza nyanya. Kwetu pia kuna mmoja hakurudi." Na akalitaja jina lake lote, la kuzaliwa na la baba yake, na akasema alikuwa na mbwa ambaye alikwenda kukaa njia panda kila siku mpaka akafa.

Msichana mwingine akasimama kabla mvulana hajakaa. Kwao walikuwa wawili, ndugu tumbo moja. Nyuma kule mtoto aliyetoka Sindo, anayekaa kwa shangazi, alisema kwao mtu alikwenda na wimbo wake na hakuna anayeujua tena. Mikono ikawa mingi. Wote walikuwa wameuliza nyumbani. Tangu Ijumaa ile nilipomwua yule mtu walikuwa wakiuliza, jioni baada ya jioni, na mimi nilikuwa nikihangaika na ofisi za Homa Bay.

Nikavuta kiti cha mwalimu. Kilikuwa na vumbi, kwa maana hakikuwahi kukaliwa tangu nije. Nikakipangusa kwa kiganja, nikakaa, nikamwambia aliyesimama aanze tena polepole, jina kwanza.